Anainua kichwa, mikono inanyooka, penseli inaanguka: refleksi za uchanga na watoto wetu wa skuli

MamaWete

Assalamu alaykum wana jukwaa. Uzi utakuwa mrefu, anayetaka mafupi apite salama.

Nina kijana wangu wa miaka 8, yuko darasa la pili, hapa hapa Wete, Pemba. Chuoni, yaani madrasa, hana tabu. Nusu ya Juzuu Amma ameshaihifadhi na sauti mashaallah anayo. Kesi ziko skuli. Madaftari yote nusu nusu. Akinakili ubaoni anachukua neno moja, akirudi kwenye daftari hajui alikuwa mstari gani. Daftari lenyewe halikai sawa, analizungusha mpaka anaandika kama mtu anayepanda ngazi. Miguu ameisokota kwenye miguu ya kiti kama anaogopa kuanguka, na baada ya muda kichwa kinalalia mkono. Mwalimu mmoja alimwandikia "MVIVU" kwa wino mwekundu, na bakora juu yake. Skuli siitaji, tuendelee.

Aliyenishtua wala si mwalimu, ni mama mkwe wangu. Msimu wa karafuu tuko jamvini tunachambua na watoto wamekaa na sisi. Wenzake wanang'oa kwa ncha za vidole, karafuu huku, makonyo kule. Yeye anakamata kishada kwa ngumi nzima, ulimi umetoka nje. Bibi yake akamtazama weee, akasema, "Huyu mkono wake bado wa mtoto mchanga." Alisema kwa masihara. Mimi usiku ule sikulala.

Nikaanza kutafuta kwenye video za mitandaoni, na kumbe bibi hakuwa mbali.

Mtoto mchanga huzaliwa na vitendo ambavyo hakufunzwa na mtu, ndizo hizo refleksi. Mguse shavu, atageuza kichwa na kufungua mdomo kutafuta ziwa. Mtie kidole kiganjani, atakifumbata. Kichwa chake kikirudi nyuma ghafla kidogo tu, mikono inaruka nje, inarudi kifuani kama anayekumbatia, kisha kilio. Hicho cha mwisho sisi twasema mtoto kashtuliwa, tunamfunga mvuje, ile dawa ya harufu kali ya kumkinga. Madaktari wanakiita refleksi ya Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto aliyekieleza huko Ujerumani mwaka 1918. Kila mtoto aliyezaliwa na afya yake anacho. Na mimi wangu nilimfunga mvuje, sikatai.

Halafu ipo ya shingo, ndiyo iliyonikaa kichwani. Mlaze mtoto wa miezi miwili chali, kichwa kikageuka kulia: mkono na mguu wa kulia vinanyooka, vya kushoto vinakunja. Kama mcheza kirumbizi, ile ngoma ya kupigana fimbo. Hiyo hutulia kwenye mwezi wa 6 hivi. Ipo nyengine ya shingo pia, hii huja baadaye, kama mwezi wa 6 mpaka wa 9, mtoto anapojiandaa kutambaa: akiinamisha kichwa mikono inakunja na miguu inanyooka, akiinua kichwa mikono inanyooka na miguu inakunja. Kufikia mwaka mmoja nayo huwa imetulia.

Sasa nifuateni. Mtoto wa darasa la pili ambaye hizi hazikutulia sawasawa anafanya nini siku nzima? Anainua kichwa kuangalia ubao, mikono inataka kunyooka. Anainamisha kuangalia daftari, mikono inataka kukunja, anaporomokea meza. Anageuza kichwa kufuata mstari, mkono unataka kufuata kichwa. Kila neno ni mieleka na mwili wake mwenyewe. Nilipofika hapo nililia, wallahi. Nikakumbuka ile bakora.

Naomba wenye elimu waje. Je, hili ni kweli, au nimeokota la mitandaoni? Na kama kweli, hapa kwetu mtu anaanzia wapi?

Dau_la_Mkoani

Bi mkubwa pole na mtihani. Lakini tuseme kweli, sisi tumekaa madarasa yasiyo na viti, tumechapwa, tumesoma, na refleksi hatukuijua hata jina. Siku hizi kila mtoto akishindwa hesabu lazima apatiwe ugonjwa wa Kizungu. Na nakuhadharisha: katika hizo video ulizotazama, mwisho wake kuna mtu anauza kozi kwa dola. Umeshaletewa bei?

MamaWete

Nimeletewa. Sijalipa.

Fizio_Unguja

Wa alaykum salaam MamaWete. Mimi ni mtaalamu wa viungo, niko mjini Unguja, watoto ndio kazi yangu ya kila siku. Umeeleza vizuri kuliko wengi, ila nitengeneze mawili matatu.

Refleksi hizi hazifi. Amri zake zinatoka kwenye shina la ubongo, huku chini karibu na shingo, na ubongo wa juu unapokomaa unazifunga kama mbuzi kwenye mti. Mbuzi yupo, ila kamba imemshika. Unataka ushahidi? Mtazame mzee aliyepata kiharusi upande wa mbele wa ubongo, au aliyekula umri mpaka akili ikapungua. Mguse kiganja, anafumbata kama mtoto mchanga na kukuachia hawezi. Kamba imekatika, mbuzi karudi shambani.

Kwa hiyo refleksi kuchelewa kutulia ni dalili, ugonjwa ni kitu chengine. Na dalili hiyo ina sura mbili ambazo watu wa video wanazichanganya makusudi.

Sura ya kwanza ni nzito na haina ubishi. Mtoto amepita miezi 6 na bado anaruka mikono kila kishindo, au kichwa kikigeuka anakwama kwenye mkao ule wa kirumbizi na kujinasua hawezi. Huyo wa kukwama hata akiwa na mwezi mmoja si kawaida. Au viganja havifunguki, au mwili unakakamaa ukimbeba. Hapo tunafikiria mtindio wa ubongo, na mara nyingi nyuma yake kuna historia: alichelewa kulia alipozaliwa, alikuwa njiti, alipata manjano makali siku za mwanzo, au homa ya uti wa mgongo. Huyo mleteni mapema, msimngoje afike mwaka. Kila mwezi una faida. Na mtoto mchanga anayeshtuka kwa mkono mmoja tu, mwengine umelala, mleteni leo leo, huenda ameumia mishipa ya fahamu ya bega au mfupa wa mtulinga wakati wa kuzaliwa. Asiyeshtuka kabisa naye vivyo hivyo. Hapo mvuje hausaidii.

Sura ya pili ndiyo ya kijana wako. Anatembea, anakimbia, anaongea, ila kuna mabaki kidogo ya refleksi. Ukimpima utaona kiwiko kinalegea, basi. Hapa ndipo elimu inapokuwa na maji yaliyochafuka, nitaeleza nikitoka zamu.

Ticha_Jambiani

Naweka kambi hapa. Nina watoto zaidi ya 60 darasani na angalau wanne nimewaona humu kwenye maelezo ya MamaWete, na mmoja wao nimewahi kumwita mvivu kwa mdomo wangu. Mungu anisamehe.

Lakini dada, kuna kitu umekipita haraka. Umesema chuoni hana tabu. Umejiuliza kwa nini? Juzuu iko kwenye marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, mbele ya pua yake. Kichwa hakipandi wala hakishuki, mkono hauandiki, na zaidi ya nusu ya somo linaingia kwa sikio. Skuli ubao uko mbali, daftari liko chini, na kila kitu kupitia jicho na mkono. Mimi kabla ya shingo ningemtazama macho. Ameshapimwa?

MamaWete

Ticha umenipiga pabaya. Hajapimwa. Nimejua majina ya refleksi sita kwa lugha ya watu na macho ya mwanangu sijayapima.

BiMkubwa_Makunduchi

Nimesomewa na mjukuu wangu huu uzi wote na yeye ndiye anayeandika. Nina la kusema. Zamani mtoto alikuwa akikandwa mafuta ya nazi, akinyooshwa viungo asubuhi na jioni, akawekwa jamvini kifudifudi akaona kuku na mbuzi wakipita, akainua kichwa mwenyewe. Sasa mtoto anatiwa kwenye kiti cha plastiki na simu mbele yake. Halafu mnauliza shingo.

Na mkweo kasema kweli ya mkono. Mtoto asiyefinyanga unga, asiyecheza mdako, asiyechambua mchele, huo mkono utapata wapi akili?

Fizio_Unguja

Bi Mkubwa shikamoo. La kifudifudi umesema haki kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto chini ya mwaka ambaye hajaanza kwenda alazwe kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipande vipande, na skrini asionyeshwe hata kidogo. Kulala usingizi ni chali, hilo tusilichanganye. Kifudifudi ni kwa kucheza, na mtu yupo anamtazama.

Ila mwongozo huo huo, bibi yangu, unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa nzima kwa mfululizo, na wametaja kiti, kigari, na mgongo wa mama.

BiMkubwa_Makunduchi

Mbeleko wametaja?

Fizio_Unguja

Wametaja kufungwa mgongoni, bibi. Saa moja si haba, unamshusha anajinyoosha kisha unambeba tena.

BiMkubwa_Makunduchi

Hao hawajalima mpunga. Haya, marahaba.

Fizio_Unguja

Nimerudi. Maji yaliyochafuka.

Mwaka 2000 jarida la madaktari la Lancet lilitoa utafiti wa watu wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Walichukua watoto 60 wa miaka 8 hadi 11 wenye shida ya kusoma na wenye mabaki ya ile refleksi ya kirumbizi. Makundi matatu ya watoto 20. Kundi moja lilifanya mienendo inayoiga ya mtoto mchanga, polepole, kila siku kwa mwaka mzima. La pili likafanya mazoezi mengine yasiyohusiana na refleksi, la tatu halikupewa kitu. Kundi la kwanza refleksi ilipungua na kusoma kukapanda kuliko wenzao. Ni utafiti ulioundwa vizuri, na wauzaji wote wa kozi wanausimamisha mlangoni kama bango.

Wasichokitaja ni kwamba watoto 20 ni wachache. Wala hawataji kwamba mabaki haya hupatikana pia kwa watoto wanaosoma vizuri tu. Na kuna historia ndefu zaidi ya kudai kwamba mwili ukifanyishwa zoezi fulani akili ya kusoma itafunguka. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Kavale na Mattson, walikusanya tafiti 180 za mazoezi ya namna hiyo na hawakuona faida ya maana kwenye kusoma. Kabla ya hapo kulikuwa na mbinu ya Doman na Delacato, mtoto anashikwa na watu wazima wanamchezesha mikono na miguu kama anayetambaa, kwa masaa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko la kuikataa, na mwaka 1999 wakarudia. Familia zilishamaliza fedha.

Na lile la watu wa video, "asiyetambaa hatasoma", lifuteni. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Oman ikiwemo, na asilimia 4.3 hawakupita kabisa hatua ya kutambaa kwa mikono na magoti. Wakasimama, wakatembea.

Kwa mnaotaka kujaribu nyumbani: mwambie mtoto asimame kwa mikono na magoti kama punda, mgongo bapa. Geuza kichwa chake polepole kulia, ngoja kidogo, tazama kiwiko cha kushoto. Kisha upande wa pili. Kikikunja kila mara, mabaki yapo. Akicheka, akichoka, au kaka yake yuko pembeni anamtania, kipimo hakina maana. Na ukishaona, usimwambie mtoto ana kasoro.

Dau_la_Mkoani

Fizio sasa nakuelewa. Nami nakiri kitu. Mimi mwenyewe nikiandika natoa ulimi mpaka leo, na ni mhasibu.

Karafuu_Mbichi

Samahani kuingilia. Wangu ana miaka 7 anakojoa kitandani, na kwenye kundi moja nimeambiwa ni refleksi ya mgongoni haijatulia, nimpige brashi kiunoni. Kweli?

Fizio_Unguja

Ipo refleksi inaitwa ya Galant: ukimpitisha mtoto mchanga kidole kando ya uti wa mgongo, kiuno kinapinda upande huo. Kuihusisha na kukojoa kitandani ni dhana ya wauza mazoezi, ushahidi wake ni mwembamba. Mtoto wa miaka 7 angalia kwanza choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, na muulize baba yake yeye aliacha lini. Mara nyingi ni ukoo. Brashi iacheni isafishe viatu. Na asipigwe.

MamaWete

Nimerudi baada ya wiki tano, samahanini kwa kimya.

Nilimpeleka Chake Chake kupimwa macho. Haoni mbali. Tena si kidogo: herufi za mstari wa tatu alikuwa anazibahatisha. Yule kijana wa macho akamvisha fremu ile nzito ya majaribio, akamtoa mlangoni, mwanangu akasimama akasema, "Mama, ule mwembe una majani." Nikageuza uso.

Kwa hiyo ubao alikuwa haoni. Neno moja moja alilokuwa akinakili alikuwa akilipata kwa kuchungulia kwa jirani, ndiyo maana kichwa kilikuwa kinageuka upande! Mimi nikakaa naandika kirumbizi.

Lakini hadithi haikuishia kwenye miwani. Ubao sasa anausoma, kunakili kumekuwa kwepesi, ila mwandiko bado unapanda ngazi na mkono bado ngumi. Tulipovuka Unguja kwa harusi nikampitisha kwa Fizio. Akampima taratibu, akamchezesha, mtoto hakujua kama anapimwa. Mabaki yapo, zaidi akigeuzia kichwa kulia, kiwiko cha kushoto kinavunjika. Na mabega yamelegea.

Alichotupa wala hakina siri. Kutambaa kama mjusi sakafuni, polepole sana, kichwa kinageuka na mkono hauruhusiwi kufuata. Kutembea kwa mikono mimi nikimshika miguu. Mdako, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Nage na wenzake kila alasiri kabla ya chuo, na kuogelea Jumapili. Karafuu zikija, vidole viwili, ngumi marufuku. Dakika kumi za mjusi, mengine ni kucheza tu. Hakunitoza kwa dola.

Na la Ticha ndilo limetusaidia upesi kuliko yote: marufaa. Nimemwambia atumie marufaa kwa daftari. Anaandika kwenye mteremko, kichwa hakianguki, kiwiko kimepata pa kuegemea. Mwalimu wake wa sasa amekubali aende nayo darasani na amemhamishia mbele katikati. Watoto wawili wengine wameshaiga.

Dau_la_Mkoani

Alhamdulillahi. Sasa swali la mhasibu: kilichomsaidia ni miwani, mjusi au marufaa?

MamaWete

Na amekua pia, Dau. Karibu anatimiza 9. Vyote vimekuja pamoja, siwezi kuvitenga kama karafuu na makonyo. Miwani nina hakika nayo kwa sababu niliuona uso wake pale mlangoni. Mjusi tunaendelea kwa sababu anacheka, na baba yake naye sasa anatambaa, mkiona mtafurahi. Ingekuwa nalipia, ningeshaacha.

Ticha_Jambiani

Mimi nimewapima macho wale wanne kwa njia ya kienyeji: nimeandika herufi ubaoni nikawasimamisha nyuma ya darasa, jicho moja limezibwa kwa kiganja. Wawili hawakuona. Wazee wao nimeshawaita. Wa tatu sikio linatoa usaha na hakuna aliyejua, alikuwa anakaa upande wa sikio bovu. Wa nne macho mazima, masikio mazima, na akisimama kama punda anaanguka kabisa. Fizio naomba nikuletee.

Fizio_Unguja

Mlete, Ticha. Aje na daftari lake na viatu anavyovaa kila siku. Na mtu aliyemlea tangu mchanga, nina maswali ya tangu siku ya kwanza.

Karafuu_Mbichi

MamaWete, hiyo marufaa ya daftari ulinunua wapi? Za chuo nyembamba, daftari linaanguka.

MamaWete

Sikununua. Nimempelekea seremala ya zamani ya baba yangu, nikamwambia aifanye pana kiasi cha daftari lililofunguliwa, na chini agonge kijiti cha kuzuia lisiteleze. Mwambie apige msasa kingo vizuri. Ya kwanza ilimchoma mkono.